Mkoba umeuzwa, pesa iko wapi? Kutafuta kosa katika bei ya bidhaa za ngozi

Mshono ukienda upande, jicho linauona palepale. Bei ikikosewa, hakuna kinachoonekana mezani. Kosa hujitokeza pembeni, pengine miezi baadaye: oda zimejaa na mfuko mtupu, au watu wanaulizia bei kisha wanapotea, au pochi zinakwenda kila siku huku mkoba ukishika vumbi.

Wengi wetu tukiona dalili hizo tunakimbilia kugusa bei. Tunashusha, tunangoja, tunapandisha kidogo, tunangoja tena. Nimepita njia hiyo kwa muda mrefu, na nakusihi usiguse bei kabla hujajua tatizo liko wapi. Mara nyingi liko nyuma ya bei, kwenye ngozi iliyotupwa bila kuandikwa na saa za kazi ambazo hakuna aliyezihesabu.

Namba za fedha humu nimeziacha bila jina la sarafu. Weka za kwako. Kinachohitajika hapa ni uwiano wake.

Dalili: oda hazikatiki, lakini hela ya ngozi inayofuata unakopa

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inafanana na mafanikio. Watu wanakusifu, unakesha ukishona, na kila mkoba unaotoka unaondoka na kipande cha mtaji wako.

Anza na ngozi yenyewe. Inauzwa kwa futi ya mraba, ambayo ni kama sentimita za mraba 929, na kiwanda kimepima kila kitu: shingo yenye makunyanzi, tumbo lililolegea, kovu la chuma cha moto, alama za kupe, hata ile miguu inayoning'inia pembeni. Umelipia vyote. Sasa tandaza upande mmoja wa ngozi ya ng'ombe mezani, uweke juu yake vipande vya karatasi vya mkoba wako. Utakuta kifuniko cha mbele hakiwezi kukaa popote ila mgongoni, na katikati ya mgongo huo pana mkwaruzo mrefu kama kidole. Unasogeza karatasi huku na huku, na kila unaposogeza inabaki pembetatu isiyofaa kwa chochote.

Upotevu wa robo nzima ni jambo la kawaida, na kwa bidhaa zenye vipande vikubwa unaweza kuzidi hapo. Usiukisie, upime. Kabla ya kukata, weka ngozi nzima kwenye mizani. Ukishamaliza kukata bidhaa zote, pima mabaki ambayo kwa kweli hutayatumia. Ngozi ikiwa na kilo 3.6 na mabaki yakafika gramu 900, umepoteza asilimia 25. Si kipimo cha maabara, maana tumbo na mgongo havina unene sawa, lakini kwa kupanga bei kinatosha kabisa.

Hapo kuna mtego wa hesabu. Mkoba unaohitaji futi 6, kwa upotevu wa asilimia 25, hauhitaji futi 7.5. Unahitaji 8. Unagawa 6 kwa 0.75, huongezi robo juu ya 6. Nusu futi katika kila mkoba inaonekana ndogo mpaka ufikishe mkoba wa ishirini.

Mikanda inastahili neno lake peke yake. Kwenye karatasi, mkanda wa sentimita 120 kwa 4 unakula nusu futi tu, kwa hiyo unaonekana rahisi mno. Lakini mkanda mzuri unatoka mgongoni, kwenye ngozi nene ya milimita tatu na nusu hivi hadi nne, iliyonyooka na isiyovutika. Ukiukata tumboni ili kubana matumizi, utarefuka na kupinda kiunoni mwa mteja, naye atarudi nao. Kwa hiyo kila mkanda unakula sehemu ghali kuliko zote na kukuachia sehemu ambayo haitatoa mkanda mwingine. Mkanda uubebeshe bei ya mgongo. Usiubebeshe wastani wa ngozi nzima.

Na mabaki je? Fundi mwingine atakwambia vishikio vya funguo havina gharama kwa sababu vinatoka kwenye masalia. Ngozi ni kweli ulishailipia ndani ya mkoba. Ila mkono wako hukuulipia. Kishikio cha dakika 25 kina gharama ya dakika 25, hata kama ngozi yake ilikuwa inaelekea jalalani.

Ukishamaliza ngozi, njoo kwenye saa. Hapa ndipo wengi wanapovuja damu. Chukua bidhaa unayoitengeneza mara nyingi kuliko zote, weka saa mezani, uandike kila hatua bila kujihurumia. Nilipofanya hivyo kwa pochi ya kadi niliyokuwa nikiapa kuwa ni ya saa mbili, daftari lilisoma hivi: kukata dakika 20, kunyoa kingo ziwe nyembamba 15, gundi na kusubiri ishike 20, kuweka alama na kutoboa 20, kushona kwa sindano mbili 50, kingo 55, kifungo na kusafisha 15. Jumla dakika 195, yaani saa 3 na robo.

Tazama hiyo 55 ya kingo. Kusugua kwa msasa, kulowesha kidogo, kusugua kwa mti, kupaka nta, kusugua tena, halafu kurudia kwa sababu kona moja imekataa kung'aa. Kazi hiyo ilinila muda kuliko kushona, na hata siku moja sikuwa nimeiweka katika bei.

Bado hujafika mwisho. Mteja anayeuliza maswali matano kwa simu, picha za kuuzia, safari ya kufuata uzi, kufungasha: zote ni kazi, na hazifanyiki kwenye benchi. Kwa mwezi wenye saa 160 za kazi, ukipata saa 90 za benchi halisi umejipanga vizuri. Kama unahitaji 1,080 kwa mwezi ili uishi, gawa kwa 90, upate 12 kwa saa. Ukigawa kwa 160 unapata 6.75, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kujinyima karibu nusu ya ujira wako bila kujua.

Sababu nyingine ni ndogo ndogo, ila zina tabia ya kujumlishana. Mshono wa mkono wa sindano mbili hula uzi kama mara nne ya urefu wake, kwa hiyo mshono wa mita moja na nusu umekula mita 6. Gundi, nta, msasa, wembe, dawa ya rangi, meno ya chuma ya kutobolea yanayokatika, kodi ya chumba, taa. Usijaribu kupima tone la gundi kwa kila pochi, utachanganyikiwa. Jumlisha vyote vya mwezi, gawa kwa saa za benchi. Ikiwa ni 360 kwa saa 90, basi kila saa ya kazi inabeba 4.

Ukiuza kupitia mtandao unaokata kamisheni, rudi kwenye ule mtego wa kugawa. Unataka kubaki na 80 na wao wanakata asilimia 20? Ukiongeza asilimia 20 juu ya 80 unapata 96. Wakikata yao unabaki na 76.8. Gawa 80 kwa 0.8, uandike 100.

Dalili: mikoba inalipa vizuri, pochi zinakunyonya

Kanuni inayopitishwa kutoka kwa fundi hadi fundi ni hii: chukua gharama ya vifaa, zidisha kwa tatu. Ni rahisi kukumbuka, na kwa ngozi ni hatari. Nitakuonyesha kwa namba.

Mkoba: ngozi futi 8 kwa bei ya 10 kila futi ni 80, zipu na chuma na uzi 25, jumla ya vifaa 105. Unachukua saa 9. Kwa kanuni ya mara tatu unauuza 315. Toa vifaa 105, toa gharama za karakana 36 (saa 9 kwa 4), unabaki na 174. Gawa kwa saa 9: umejilipa 19 na ushee kwa saa. Safi.

Pochi ya kadi: vifaa 10, saa 3 na robo. Mara tatu, unaiuza 30. Toa vifaa 10, toa karakana 13, unabaki na 7. Gawa kwa 3.25. Umejilipa 2 na senti kidogo kwa saa.

Mkono ni uleule, meza ni ileile, na hata ngozi imetoka upande mmoja. Kanuni hiyo inamlipa vizuri anayetumia ngozi nyingi na kumwadhibu anayetumia kazi nyingi. Kwa bahati mbaya, vitu vidogo ndivyo vinavyouzika haraka, kwa hiyo unajikuta umezungukwa na oda za pochi na huelewi kwa nini umechoka hivi.

Bei inayosimama kwa miguu yake inajengwa hivi: vifaa pamoja na upotevu, ongeza saa mara ujira wako, ongeza saa mara gharama za karakana, kisha weka faida juu ya jumla. Faida hiyo si ujira wako. Ni ya karakana, ya kununulia mashine kesho na kubeba mwezi mbaya. Kwa faida ya asilimia 20, mkoba wetu unakuwa 105 + 108 + 36 = 249, na faida unafika kama 300. Pochi: 10 + 39 + 13 = 62, na faida inafika kama 75.

Sasa najua unachowaza. Nani atanunua pochi ya kadi kwa 75 wakati mpaka jana ilikuwa 30? Pengine hakuna. Na hapa ndipo ninaposisitiza kwamba tiba haiko kwenye bei. Tiba iko kwenye zile dakika 195. Tengeneza pochi kumi kwa mkupuo badala ya moja moja: unakata zote, unapaka gundi zote, ya kwanza inashika wakati ya mwisho inapakwa. Zile dakika za kusubiri zinayeyuka. Punguza kingo zinazong'arishwa. Mfuko wa ndani ukikunjwa unaondoa kingo mbili nzima. Kata kwa kiolezo cha chuma badala ya karatasi. Mimi nilishuka hadi saa 2 kwa kila pochi bila kugusa ubora wa mshono. Hesabu yake: 10 + 24 + 8 = 42, na faida kama 50. Bei ya 50 unaweza kumtazama mteja machoni ukaitaja.

Kama hata baada ya hapo soko halifiki, acha kuitengeneza. Au ibakize moja tu kama zawadi kwa anayenunua mkoba, na gharama yake uiingize kwenye bei ya mkoba waziwazi.

Dalili: wanauliza bei, halafu kimya

Usishushe bado. Kwanza hesabu. Kwa wiki nne andika kila aliyeuliza: alitokea wapi, aliulizia nini, alinyamaza baada ya kusikia nini. Kimya kina sababu zaidi ya moja.

Wakinyamaza wote, kwa bidhaa zote, kutoka kila upande, huenda bei iko juu kweli kwa watu unaowafikia. Wakinyamaza wale tu waliotoka mahali fulani, shida ni mahali hapo. Mtu aliyekuja kutafuta kitu cha bei ya chini hatakuwa mteja wako hata ukikata theluthi. Utamkosa bado, na theluthi umeipoteza kwa wale ambao wangenunua.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni kwamba mteja analinganisha na kitu kisichofanana na chako, na hakuna aliyemwonyesha tofauti. Mkoba mwingi wa kiwandani umetengenezwa kwa tabaka la chini la ngozi, lile linalobaki baada ya uso kutenganishwa, kisha likapakwa rangi nzito ya plastiki. Unaandikwa ngozi halisi, na si uongo. Mshono wake wa mashine una nyuzi mbili zinazoshikana katikati. Uzi mmoja ukikatika, mshono unaweza kufumuka mbele na nyuma. Mshono wa sindano mbili unapitisha uzi kutoka pande zote katika kila tundu, kwa hiyo ukikatika mahali pamoja, upande mwingine bado umeshika. Mteja hawezi kuyajua haya kwa kuangalia picha ya mbele ya mkoba. Piga picha ya ukingo kwa karibu. Piga picha ya ndani. Piga picha ya nyuma ya ngozi pale isipofunikwa na kitambaa. Taja unene kwa milimita.

Sababu ya tatu ni bei isiyoandikwa. Mtu akilazimika kuuliza, anahisi bei itategemea sura yake. Iandike.

Dalili: kila anayenunua anataka apunguziwe

Kujadiliana si ugonjwa. Ugonjwa ni wewe kukubali bila kujua umekubali nini. Bidhaa ya 100 yenye gharama ya 60 inakupa 40. Ukipunguza asilimia 20 tu, unauza 80 na kubaki na 20. Kwa hiyo punguzo la moja ya tano limekata nusu ya faida yako, na itakubidi uuze mara mbili ili urudi pale ulipokuwa. Mara mbili ya kukata, mara mbili ya kushona.

Mara nyingi mteja anasikia kusita kwetu kabla ya kusikia bei. Ukisema "mia tatu, lakini tunaweza kuongea", umeshapunguza. Fundi aliyefanya zile hesabu za juu hasiti, maana anajua kila sehemu ya ile 300 imekwenda wapi.

Mteja akikwama kwa dhati, toa kazi badala ya kutoa fedha. Bila kitambaa cha ndani. Bila jina lililogongwa. Mfuko mmoja badala ya miwili. Mshono wa mashine sehemu isiyobeba uzito, na umwambie ni wa mashine. Bei ishuke kwa kiasi kile kile ambacho saa zimeshuka, si zaidi.

Dalili: duka linataka kuchukua kwa jumla, na hesabu inakataa

Maduka mengi hutaka kununua kwa nusu ya bei ya rejareja, au karibu na hapo, kwa sababu nao wana kodi na wafanyakazi. Mkoba wetu wa 300 unaingia dukani kwa 150. Gharama yake ni 249. Hapo hakuna la kujadili.

Kosa ni kufikiri kwamba wingi utafidia. Ukipoteza 99 kwa mkoba mmoja, kumi zitakupotezea 990. Pia usijaribu kuwauzia wao kwa bei ya juu huku wewe ukiuza chini mlangoni kwako. Mteja akijua, duka litakurudishia mzigo, na wana haki.

Kinachofanya kazi ni kubuni bidhaa ya jumla tangu mwanzo: vipande vichache, mshono mfupi, hakuna zipu, inayokatwa hamsini kwa mara moja. Anza na bei ambayo duka litamuuzia mteja, gawa kwa mbili, urudi nyuma uone umebakiwa na dakika ngapi. Zikitosha, tengeneza. Mikoba yako mikubwa iuze mwenyewe.

Na ukiachiwa mpango wa kulipwa baada ya kuuza, andika tarehe ya hesabu na nani anabeba hasara ya mkwaruzo. Niliwahi kuacha mikoba sita mahali bila karatasi yoyote. Iliyorudi baada ya miezi minane ilikuwa imepauka kwa jua la dirishani upande mmoja, na sikuwa na neno la kushika.

Dalili: oda maalumu zinakula faida ya zile za kawaida

Muundo mpya una saa ambazo mteja hazioni: kuchora, kukata karatasi, kutengeneza mfano wa majaribio, kugundua kwamba mfuniko haufiki. Saa hizo zitoze peke yake, kwa jina lake, ada ya muundo. Ukizificha ndani ya bei ya mkoba utaona aibu na kuzipunguza.

Chukua arubuni kabla ya kukata, angalau inayofunika vifaa vyote. Ngozi iliyokatwa kwa herufi za jina la mtu haina mnunuzi mwingine. Na mabadiliko yakija baada ya kukata, taja gharama yake siku hiyo hiyo, kabla ya kuchukua kisu.

Dalili: umepandisha bei na wateja wa zamani wamenuna

Ikiwa bidhaa ilikuwa na faida ya 30 katika kila 100, na umeongeza bei kwa asilimia 10, sasa unapata 40. Unaweza kupoteza robo nzima ya wanunuzi na bado ubaki na pesa ile ile, ukiwa na kazi pungufu kwa robo. Kwa hiyo kabla ya kurudi nyuma kwa hofu, hesabu ni wangapi wameondoka kweli na wangapi wamelalamika kisha wakanunua.

Oda zilizokwisha kukubaliwa zimalize kwa bei ya zamani. Wateja wa siku nyingi wape taarifa wiki chache mapema, wanunue kwa bei ya zamani wakitaka. Halafu andika tarehe kwenye daftari, na kila ngozi mpya inapoingia na risiti yake, rudia hesabu ya bidhaa zako tatu kubwa.